Miti Mia Nne na Kumi na Mbili, Mtumishi Mmoja

Ipo nchi inaitwa Shwari. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, maana ramani zake zote zimo katika kabati la Wizara, na mwenye ufunguo yuko safarini. Lakini ipo. Ina mlima, ina mto, ina kiwanda cha sabuni, na ina Mlezi Mkuu anayeipenda mno hata kila mwaka huizunguka mara moja kuhakikisha ingali safi. Mimi sina ugomvi na mtu. Nasimulia kama nilivyosikia, na atakayejikuta humu basi ajikung'ute mwenyewe aendelee na safari yake.

Nchi ile ina desturi moja ya kupendeza. Siku Mlezi Mkuu anapopita mahali, Kikosi cha Chokaa hutangulia alfajiri, ili vumbi lisiwawahi, na kila kilicho kando ya barabara hupakwa chokaa kuanzia ardhini mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima. Miti, mawe, nguzo, vibao. Mwaka mmoja walipakwa mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa kamba, na mwenye mbuzi alipokuja juu akaambiwa ashukuru kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbali.

Juu ya Mlima Sengeta kulikuwa na kituo cha Wizara ya Hewa na Mwonekano, na humo aliishi mwanamke wa miaka hamsini na tatu aitwaye Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kusoma ukoga. Si ukoga wa meno, la. Ni yale madoa makavu ya kijivu na kijani yanayoota kwenye magome ya miti na juu ya mawe, na zile nyuzi zinazoning'inia matawini ambazo wenyeji huziita ndevu za miti. Ukoga ule hauna mizizi. Unakula kile tu ambacho hewa imeuletea, kwa hiyo hewa ikiharibika ukoga hufa kabla ya mti, kabla ya ng'ombe, na kabla ya mtu. Sikudhani aliupima kwa rula kila mwezi na kuandika. Unakua taratibu kiasi kwamba mtu mwenye haraka hawezi kazi hiyo. Yeye alikuwa ameifanya miaka ishirini na moja.

Hakuifanya peke yake. Katika chumba cha pili cha kituo aliishi Lugendo, bwana mmoja mpana wa mabega na mwingi wa maneno, ambaye kazi yake ilikuwa wadudu. Wizara iliwaweka wawili kwa sababu fomu ya kila mwezi ilikuwa na nafasi mbili za kutia saini. Hawakuwa mume na mke, ingawa watu wa bondeni waliwaoza kila mwaka kwa midomo yao. Walikuwa watu wawili wenye birika moja. Lugendo alikuwa na tabia mbaya ya kuzungumzia funza wakati wa kula, na Sikudhani alikuwa amemgombeza kwa jambo hilo mara elfu.

"Dada Siku," alimwambia siku moja, kijiko kikiwa mdomoni, "siku nikifa usikimbilie kuwafukuza nzi. Waache kwanza watoe ushahidi."

"Kaka Lugendo, mimi nakula."

"Na wao wanakula. Tofauti ni kwamba wao wanakumbuka tarehe."

Sikudhani alichukua sahani yake akaenda kula nje. Angejua, angekaa.

*

Mwaka huo Lugendo aliandika ripoti yenye mistari miwili. Alikuwa amegeuza mawe ya Mto Kiwesa kuhesabu watoto wa kereng'ende, ambao huishi chini ya maji miaka kabla ya kuota mabawa, na ambao katika maji machafu hawaishi hata kwa amri. Mstari wa kwanza ulisema: juu ya kiwanda cha sabuni, watoto wa kereng'ende mia mbili na kumi. Wa pili ulisema: chini ya kiwanda, hakuna. Watu wa bondeni, ambao walikuwa wakiyanywa maji hayo na kujikuna mpaka damu, hawakuhitaji ripoti, lakini walifurahi kuona imeandikwa.

Wizara ilijibu haraka isivyo kawaida yake. Ilimweleza Lugendo kwamba kereng'ende wa chini ya kiwanda huenda walikuwa likizo, na kwamba ahesabu tena kwa moyo wa kizalendo. Tarehe nne ya mwezi huo alivaa koti lake la mpira la serikali, akatia chupa za sampuli mkobani, akasimama mlangoni.

"Nitarudi kabla chai haijapoa," alisema.

Maneno hayo aliyasema kila mara, na katika miaka ishirini na moja hakuwahi hata siku moja kurudi kabla chai haijapoa. Alikuwa akikawia siku mbili, tatu, hata juma. Ndiyo maana Sikudhani hakushtuka mapema. Alikuja kushtuka siku ya tisa, na kufikia siku ya kumi na tano alikuwa amekwisha teremka mtoni mara nne, akiita jina la mtu kwenye mabonde ambayo yalimrudishia sauti yake mwenyewe.

Tarehe ishirini na nane ilikuwa ziara. Wizara ilikuwa imechonga barabara mpya msituni ili Mlezi Mkuu apate kuona mandhari kutoka ubavu wa mlima. Alipita kwa gari, akaona mandhari, akaondoka. Baada yake barabara ikafungwa kwa kamba nene na kibao kilichosema kwamba ni ya Mlezi Mkuu peke yake, na mwingine yeyote atakayekanyaga atahesabiwa amejifanya Mlezi Mkuu, jambo ambalo adhabu yake haikutajwa kwa sababu ya wasomaji wenye moyo dhaifu.

Juma lililofuata gazeti lilifika kituoni. Ukurasa wa mbele ulisema kwamba mtaalamu wa wadudu, ndugu Lugendo, alifika mwenyewe kwenye mapokezi ya tarehe ishirini na nane, akatoa neno la shukrani, akatia saini barua ya kuifuta ripoti yake, akatunukiwa Nishani ya Maji Matulivu ya daraja la tatu, na jioni ile ile akaondoka kwenda masomoni katika nchi ya mbali ambako, kwa bahati mbaya, hakuna posta.

Sikudhani alisoma habari hiyo mara tatu. Kisha akatazama kigingi cha ukutani, kitupu, bila koti, na kikombe cha pili alichokuwa akikiosha kila siku ingawa hakikuwa kimechafuliwa na mtu. Aliona uchungu, na pia hasira. Lugendo hakuweza kwenda hata chooni bila kuaga.

*

Kila asubuhi saa mbili kamili, makao makuu ya Wizara huita vituo vyote kwa redio ya upepo.

"Sengeta, Sengeta. Mko wangapi?"

"Mmoja," alijibu Sikudhani.

"Orodha inasema wawili. Rudia."

"Niko peke yangu. Lugendo haonekani tangu tarehe nne."

"Lugendo yuko masomoni, na aliye masomoni ni mtumishi wa kituo alichotoka. Rudia, Sengeta. Mko wangapi?"

Na kama hakujibu inavyotakiwa, kituo kiliandikwa kimya, na kituo kilichoandikwa kimya hakiletewi unga wala mafuta ya taa. Siku ya kwanza alibisha. Siku ya tano alibisha. Siku ya kumi na mbili, akiwa amekula majani ya maboga kwa siku nne mfululizo, alikiinamia chombo kile akasema, "Wawili," na machozi yakamtoka kwa aibu.

"Safi, Sengeta. Wasalimie."

Miezi saba ilipita hivyo. Upweke ukimzoea mtu hukaa naye mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Sikudhani alianza kuzungumzia ukoga wakati wa kula, kwa sauti, ili naye Lugendo asusie sahani akaende nje. Alichemsha chai ya watu wawili. Kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuinywa, alikunywa zake mbili, ya kwanza ikiwa moto na ya pili ikiwa imepoa.

Kisha mchwa, ambao hawajui kusoma kibao, wakala nguzo iliyoshika ile kamba nene, na kamba ikaanguka. Sikudhani alipita. Alitaka kuona chokaa imeua ukoga kiasi gani, maana chokaa ikikaa juu ya ukoga ni sawa na mto wa kulalia usoni mwa mtoto. Pande zote mbili miti ilikuwa imesimama myeupe nusu mwili, mia kwa mia, imenyooka kama gwaride. Kwenye kona ya tatu, chini ya msandarusi mkubwa, alimkuta Lugendo.

Alikuwa amekaa, amebanwa katikati ya mizizi miwili mikubwa, mgongo kwenye mti, miguu imenyooshwa. Ilibaki mifupa, koti la mpira na buti. Na vyote hivyo, kuanzia buti mpaka kifua cha koti, vilikuwa vimepakwa chokaa, kwa ufundi mzuri, pasipo kuacha mahali.

Sikudhani alikaa chini mbele yake. Alilia mpaka akaona njaa, na alipoona njaa alicheka kidogo, kwa sababu marehemu angelisema jambo kuhusu hilo. Alimshika buti. "Kaka," alimwambia, "chai imepoa."

Halafu akakumbuka aliloambiwa kuhusu ushahidi wa nzi, akaanza kazi. Katika mikunjo ya koti, chini ya ile chokaa, palikuwa na viganda vidogo vya kahawia, virefu kama punje za mpunga: nyumba ambamo funza wa nzi wa kijani hujifungia anapogeuka kuwa nzi. Vyote vilikuwa vitupu, vifuniko vimefunguka. Na ndani ya vile vitupu mlikuwa na chokaa. Alivikusanya thelathini na sita katika kiberiti. Alitazama pia nyuma ya koti, katikati ya mabega, akaona tundu dogo la mviringo. Mkobani zilikuwamo chupa, na kwenye moja mwandiko wa Lugendo ulisema: chini ya kiwanda, mara ya pili, hakuna.

Aliita makao makuu, na siku hiyo kwenye redio alisema mmoja, akairudia mara kumi, mmoja, mpaka wakakata.

Gari la Wizara lilikuja na daktari. Daktari aliandika kwamba mtu asiyejulikana alianguka akiwa amekaa. Lile tundu alisema limetobolewa na nondo, yule mdudu mla nguo.

"Daktari, nondo hali mpira," Sikudhani alimwambia.

"Huyu alikula," daktari alijibu, akafunga mkoba wake.

Waliiondoa mifupa na koti, wakavitia katika gunia, wakaondoka. Sikudhani akabaki na mti. Ndipo alipoona. Gome lote lilikuwa jeupe, isipokuwa pale mgongo wa Lugendo ulipoegemea. Hapo brashi haikufika. Palikuwa na umbo la mtu aliyekaa, mabega mapana, shingo fupi, na umbo lote lilikuwa ukoga mtupu, wa kijivu na kijani, hai. Lilikuwa limeota kwa amani, likimngoja mwenyewe arudi aegemee.

*

Serikali ya Shwari ni sikivu. Iliunda Tume ya Kuchunguza Kama Kuna Haja ya Kuchunguza, na kwa kuwa hakuna aliyeijua Wizara kumshinda Waziri wake, Mheshimiwa Ngwabi, yeye ndiye aliyefanywa mwenyekiti. Sikudhani aliteremka mlima na kiberiti chake mfukoni. Alitaka jambo moja tu, na alilisema waziwazi mwanzoni: iandikwe kwamba tarehe ishirini na nane Lugendo alikuwa maiti, ili ile saini ya kufuta ripoti isiwe yake, ripoti isimame, na yeye azikwe kwa jina lake.

"Umetuletea nini humo?" aliuliza Mheshimiwa.

"Viganda vya nzi wa kijani, Mheshimiwa."

"Na hao nzi wenyewe wako wapi?"

"Walishatoka. Ndiyo maana viganda ni vitupu."

"Wametoka wakaenda wapi?"

"Wameruka, Mheshimiwa."

"Karani, andika: mashahidi wametoroka kabla ya kuhojiwa." Ukumbi ukacheka. "Ni nzi wa hapa hapa, au wameingia kutoka kwa jirani?"

"Nzi hajui mpaka, Mheshimiwa."

"Andika: mashahidi hawana uraia."

Sikudhani alingoja kicheko kiishe. Miaka ya kuungoja ukoga ilikuwa imemfundisha. Kisha akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mtu wa nyumbani. Nzi huja kwa maiti saa ile ile ya kwanza, akataga. Funza huanguliwa, hula, hujifungia gandani, hutoka akiwa nzi. Kwa baridi ya Sengeta safari hiyo huchukua siku ishirini, haipungui. Na viganda hivi vina chokaa ndani. Chokaa haiingii kwenye ganda lililofungwa. Kwa hiyo brashi ilipompitia Lugendo alfajiri ya tarehe ishirini na nane, nzi walikuwa wamekwisha kuzaliwa na kuondoka, naye alikuwa amekufa siku ishirini na zaidi. "Hakutoa neno la shukrani," alisema. "Hakushika kalamu."

Sikudhani aliwaangalia usoni mmoja mmoja, akaona wameelewa, hata karani, hata Mheshimiwa mwenyewe. Baada ya miezi mingi ya kusema na kuta, alikuwa ameeleweka na watu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini walisema hivyo kabla Shwari haijaitia lami.

"Aitwe nyapara wa Kikosi cha Chokaa," alisema Mheshimiwa.

Nyapara aliitwa Kinyunyu, mtu mwembamba mwenye chokaa kwenye kope, ambaye alikuwa ameshika daftari lake kwa mikono miwili.

"Ulimpaka mtu huyu?"

"Nilimpaka, Mheshimiwa."

"Hukuona kwamba amekufa?"

"Mheshimiwa, nilimwamkia. Nikasema shikamoo mzee. Hakuitikia, wala hakunitazama. Nikawaambia vijana wangu, huyu ni mkubwa, msimsumbue, pakeni mkizunguka. Amri ilisema kila kilichosimama au kukaa kando ya barabara. Haikusema tupime kama kinapumua."

"Na uliandika?"

Kinyunyu alifungua daftari akasoma kwa sauti ya darasani. "Tarehe ishirini na nane. Barabara ya Mlezi. Miti, mia nne na kumi na mbili. Mawe, tisini na sita. Nguzo, thelathini. Mtumishi wa serikali, mmoja."

Mheshimiwa Ngwabi alishusha pumzi ndefu ya raha, akavua miwani. Tume ilijitenga kwa muda wa kunywa soda, ikarudi na uamuzi.

"Tume imeridhika," alisoma, "na inamshukuru mama yetu kutoka Sengeta kwa kutuletea nyapara. Daftari halali la serikali linathibitisha kwamba tarehe ishirini na nane ndugu Lugendo alikuwepo kwenye mapokezi, kando ya barabara, katika nafasi ya heshima. Aliyekuwepo alihudhuria, na aliyehudhuria alishukuru. Zaidi ya hapo Tume imeguswa na nidhamu ya mtumishi aliyepakwa chokaa mpaka kifuani bila kunung'unika wala kufumba jicho. Nishani yake inapandishwa kuwa ya daraja la pili. Wizara itamwandikia huko masomoni, posta ikipatikana."

Sikudhani alisimama. Kiberiti kilikuwa kimelowa kwa jasho la kiganja. "Basi nipeni mifupa nikazike, Mheshimiwa."

"Mifupa ya nani? Lugendo yuko masomoni."

"Basi ya yule asiyejulikana."

"Wewe unamjua?"

"Namjua."

"Basi huyo anajulikana. Na ghalani kwetu hatuna mifupa ya mtu anayejulikana." Akafunga jalada. "Mama, rudi mlimani ukapumzike. Hewa ya huko nasikia ni safi sana."

Nje, Kinyunyu alimfuata hatua chache, ameinamisha kichwa. "Mama, mimi niliandika kweli tupu," alisema.

"Najua, baba," alijibu Sikudhani. "Ndiyo iliyowafaa."

*

Kuna jambo moja ambalo hakuiambia Tume: lile umbo kwenye msandarusi. Alijua wangelipaka.

Kila juma alikwenda kulitazama. Alilipima kwa rula kama alivyopima mengine, na akaviandika vipimo kwenye daftari lake binafsi kwa kuwa fomu ya Wizara haikuwa na sehemu ya mtu wa ukoga. Ukingo ulisogea taratibu sana, upana wa uzi. Alikaa hapo, akazungumza, wakati mwingine akanyamaza tu. Kaburi hakuwa nalo, mifupa hakuwa nayo, ripoti ilikuwa imefutwa na watu wa bondeni waliendelea kujikuna. Katika dunia nzima, mahali pekee palipokiri kwamba Lugendo aliketi pale, amekufa, kabla ya chokaa kuja, palikuwa gome lile.

Kisha mwaka ukazunguka, kama ilivyo kawaida ya miaka hata huko Shwari. Redio ikatangaza: tarehe ishirini na nane, Mlezi Mkuu, barabara ile ile, kila kilichosimama au kukaa.

Sikudhani aliandika barua akiomba mti mmoja usamehewe. Jibu lilikuja kwa siku mbili. Mti unaweza kusamehewa, lilisema, endapo ombi litatiwa saini na watumishi wote wawili wa kituo.

Siku ilipofika, kabla jua halijapanda, alivaa koti lake, na juu yake akavaa koti la akiba la Lugendo. Mwili wake ulikuwa mwembamba, hautoshi. Akajaza majani makavu mabegani na ubavuni mpaka akawa mpana kama mwenyewe. Akaenda kwenye kona ya tatu, akaketi kati ya ile mizizi miwili, akausogeza mgongo kushoto na kulia hadi alipohisi amelifunika umbo lote, bega kwa bega. Gome lilikuwa la baridi. Akanyoosha miguu, akangoja.

Walikuja na ndoo na brashi, wakiimba. Sauti za wimbo zilikatika moja moja kadiri walivyomwona. Kinyunyu akaja mbele. Aliitazama kona, akautazama mti, akamtazama mwanamke aliyevaa makoti mawili na kutokwa na majani shingoni, na daftari likamteleza mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

Marahaba ilikuja mpaka kwenye meno. Sikudhani hakuwahi maishani mwake kuiacha shikamoo ya mtu ianguke chini, na ilimuuma kuliko alivyotarajia. Akatazama mbele, hakupepesa.

Kinyunyu alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akawageukia watu wake.

"Huyu ni mkubwa," aliwaambia. "Msimsumbue. Pakeni mkizunguka."

Wakapaka. Chokaa ilikuwa ya baridi kwenye buti, ikapanda magotini, ikapanda tumboni, ikafika kifuani ikakoma, maana amri ni amri. Gome la karibu na mabega Kinyunyu hakumwachia mtu. Alilipaka mwenyewe, kwa ncha ya brashi, taratibu, ameuma ulimi, lisije likapenya hata tone moja nyuma ya lile koti. Kisha akapiga magoti kuokota daftari, akalamba ncha ya kalamu.

"Mtumishi wa serikali," alisoma huku akiandika, akasita. Akauliza kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. "Niandike wangapi, mama?"

Sikudhani hakujibu. Alikuwa mkubwa. Kinyunyu akaandika alichoandika, na Kikosi kikasogea kwenye mti uliofuata.

Mlezi Mkuu alipita saa nne na nusu kwa mwendo wa kasi, na inasemekana alifurahi kuona jinsi watumishi wa mlimani walivyo watulivu.

Vumbi lilipotulia Sikudhani alijaribu kuinuka, ikabidi ajisaidie kwa mikono, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi na chokaa ilikuwa imekauka ikawa gamba. Aligeuka. Mti ulikuwa mweupe kuzunguka wote, na katikati ya weupe lile umbo lilikuwepo, kijivu na kijani, mabega mapana, shingo fupi, halikuguswa popote. Aliweka kiganja chake juu yake kwa muda. Kisha akatoa rula, akapima, akaandika.

Asubuhi yake saa mbili kamili redio ya upepo ilikwaruza mezani, katikati ya vikombe viwili.

"Sengeta, Sengeta. Mko wangapi?"

"Wawili," alisema Sikudhani, na safari hii hakungoja kuambiwa arudie.